Damu Niliyoifanya Kipimo

Dada yangu mpenzi,

Pokea kwanza salamu zangu, kabla hujapokea mengine yaliyomo humu, kwa kuwa salamu ndizo pekee nilizokuwa na hakika nazo nilipokaa kuandika. Natumaini umeamka salama, kwamba mgongo unaokusumbua tangu uanze kumwinua Baba kitandani umepata nafuu, na kwamba wanao wanakwenda shule bila kugombana njiani. Mfikishie shemeji salamu zake, umwambie vitabu alivyoniagiza nimeshavipata. Kuhusu mimi, ada ya barua inataka niandike hapa kwamba ni mzima wa afya, hofu ni kwenu tu. Ada hiyo leo nimeshindwa kuifuata, na sababu utaiona ukinivumilia. Nakusihi usiisome barua hii ukiwa umesimama jikoni na mwiko mkononi. Keti. Funga mlango. Ukimaliza kuisoma peke yako, itakubidi uisome tena kwa sauti mbele ya wengine, nami nitakuonyesha nani asomewe sehemu ipi.

Barua yako ya siku kumi na sita zilizopita ninayo hapa mezani. Uliniuliza swali moja tu na sikulijibu. Uliniuliza kama kosa ni lako: kama vidole vyako vilikuwa na maji ulipokuwa ukimtoboa Baba kidole, au kama vile vijiti vya kupimia sukari vimeharibika kwa sababu kabati liko karibu na jiko. Ulinieleza kwamba katika kikao cha ukoo Baba Mkubwa alisema, watu wote wakisikia, kuwa mguu wa mzee hauozi ndani ya nyumba yenye mwanamke mwenye macho. Shangazi naye akadakia kwamba macho unayo, ila siku hizi yamehamia kwenye simu. Ukaniandikia kuwa hukuwajibu, kwa kuwa kila usiku ukilala unarudia vipimo vyote kichwani na unaanza kuamini kwamba wamesema kweli.

Niliisoma barua hiyo, nikaikunja, nikaiweka chini ya kitabu kinene cha kemia, nikaenda kazini. Siku kumi na moja zilizofuata nilinyamaza, dada, si kwa kukosa nafasi. Nilinyamaza kwa sababu mimi pia niliamini kwamba kosa ni lako. Nilishaanza hata kutunga jibu, lenye upole mwingi wa kujifanya, la kukusamehe. Siku tano za mwisho nimenyamaza kwa sababu nyingine, nayo ndiyo habari ya barua hii.

Jana, nilipokupigia simu, nilikuambia uweke kando mashine ya sukari niliyomletea Baba, mtumie ya yule muuguzi wa zahanati, kwa kuwa fungu lile la vijiti lina kasoro. Uliniuliza kasoro gani, nikababaika, nikasema mtandao unakatika. Mtandao ulikuwa mzuri. Baada ya saa moja ukanipigia tena, ukanieleza kwamba Baba amekataa katakata. Amesema hao wa zahanati wana wivu, kwamba mwanawe hawezi kukosea, na kwamba kama kuna kasoro basi iko kwenye mashine yao ya kununua dukani. Ameitia yangu katika mfuko wa shati, na muuguzi akija asubuhi na sindano ya insulini, Baba hujipima kwanza mwenyewe, akiona sita anaunyoosha mkono kumwonyesha mlango. Ukaniambia pia, kwa sauti ya chini, kwamba muuguzi amechoma-choma unyayo wa mguu uliobaki kwa ncha ya kalamu na Baba hakushtuka.

Hapo ndipo nilipojua kwamba simu haitoshi. Nilikwisha kumpigia Baba mwenyewe mara mbili, na mara zote mbili, kabla sijamaliza kuamkia, alinikatiza ili amweleze mgeni aliyeketi kando yake kwamba huyu ndiye yule kijana wangu wa mashine. Nikamtakia siku njema nikakata. Mzee yule aliniamini kwa maandishi yangu. Basi ni maandishi yangu yatakayomfanya aache kuniamini.

Nivumilie nieleze kazi yenyewe, maana bila hiyo hutalijua kosa, utajua uchungu wake tu. Vijiti vya kupimia sukari vya dukani vina kimeng'enya, kitu chenye asili ya viumbe hai, ambacho kikikaa kwenye joto hufa kama maziwa yanavyochacha. Mimi nilidai kwamba kinaweza kuondolewa kabisa, na mahali pake zikawekwa chembe za oksidi ya shaba, ndogo kiasi kwamba ukiupasua unywele wako mmoja kwa urefu mara elfu, utapata upana wa chembe moja. Chembe hizo hupakwa kwenye ncha ya kijiti. Sukari ikigusana na shaba hiyo, hutoa umeme kidogo mno; mashine huuhesabu umeme huo na kuugeuza namba. Damu yenye sukari nyingi hutoa umeme mwingi, yenye kidogo hutoa kidogo. Ni wazo zuri, dada. Hata leo, katika hali niliyo nayo, ningesimama mbele ya yeyote nilitetee. Nisamehe, unajua maradhi yangu ya kubishana, nayo si haya mapya.

Chumba ninachofanyia kazi kiko ghorofa ya tatu, zamani kilikuwa stoo. Dirisha lake hufunguka nusu, bomba lake limefungwa kitambaa lisidondoke, na kina jokofu lenye tangazo kubwa la kukataza vyakula, ambamo mtaalamu wa maabara yetu huweka chakula chake cha mchana kila siku chini ya tangazo hilohilo. Mama huyu ana umri wa kunizaa. Sisi wanafunzi tunamwita Mama Mizani, kwa sababu hapimi kitu mara moja, na kwa sababu akikuambia neno unalihisi uzito wake siku ya pili. Juu yetu sote yuko Profesa, msimamizi wangu, mtu wa safari nyingi na saini za haraka.

Sasa sikiliza. Kijiti kikiwa tayari, hukipimi kwa maji ya sukari pekee. Damu si maji ya sukari. Ina chumvi, ina protini, ina takataka zake. Kwa hiyo kila fungu jipya la vijiti lazima lijaribiwe kwa damu ambayo kiasi chake cha sukari kinajulikana, kisha mashine iwekwe sawa kwa kipimo hicho. Njia ya haki ni kugawa damu mafungu mawili, moja ulipime wewe, la pili ulipeleke hospitali iliyo ng'ambo ya barabara, usubiri majibu siku mbili. Mimi niliona huko ni kupoteza wakati. Nikajenga hoja, na hoja yangu ilikuwa nzuri kama zote zilivyo: mtu mzima wa afya asiyekula tangu jana ana sukari ya tano, au karibu na tano, mimi ni mtu mzima wa afya, nina miaka ishirini na sita, sijalazwa hata siku moja, kwa hiyo damu yangu ya asubuhi ni tano. Nikaiandika katika ukurasa wa kwanza wa daftari kama sheria. Kila fungu likitoka, nilijitoboa kidole kabla ya chai, na namba yoyote iliyotokea niliisahihisha mpaka isome tano.

Mama Mizani aliniuliza siku ile ya kwanza ni nani aliyeniambia kuwa mimi ni mzima. Nilimhubiria robo saa nzima, juu ya wanasayansi wa zamani waliojifanyia majaribio wao wenyewe, na juu ya tofauti ya mtafiti na karani. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia kwamba, bwana mdogo, mizani yake yeye ina miaka tisa haijamdanganya, na bado kila mwezi anaipima kwa jiwe lenye muhuri. Wala haijawahi kumwomba aiamini kwa uzuri wa sura yake. Wenzangu wakacheka. Mimi nikamjibu kwamba jiwe halina shahada. Wakacheka zaidi, nami nikadhani nimeshinda.

Miezi miwili ya mwanzo mashine, kabla sijaisahihisha, ilinisoma tano na pointi. Wa tatu ikanisoma sita. Kisha saba. Mtu mwingine angeogopa. Mimi nilifurahi, dada, nilifurahi kama mtoto aliyeota jino. Niliona chembe zangu zinazidi kuwa kali, kwamba kila fungu ninalolipika linaihisi sukari kuliko lililotangulia, kwa kuwa mkono wangu unazidi kukomaa. Nikalitungia jambo hilo nadharia, nikachora mchoro unaopanda vizuri, mwezi kwa mwezi, nikaandika kurasa ishirini na mbili. Profesa alizipitia akiwa njiani kwenda uwanja wa ndege, akasema kijana huyu atafika mbali. Mama Mizani peke yake ndiye aliyeuliza kwa nini vijiti hivyohivyo, vikitiwa kwenye maji ya sukari, vinasoma sawa na vya mwaka jana, na ukali wake unaonekana tu vinapogusa damu yangu. Nilimjibu kwamba damu ni ulimwengu mwingine. Jibu hilo lilinipendeza kiasi kwamba nililitia katika ukurasa wa kumi na nne.

Katika miezi hiyohiyo nilikuwa nakunywa maji mno. Nililaumu joto la chumba, na lile dirisha la nusu. Wenzangu walinipa jina la Mtungi, na kila niliponyanyuka kwenda chooni mmoja wao alitangaza kwa sauti kuwa mtungi umejaa, wapisheni njia. Miwani nilibadilisha mara mbili kwa mwaka, nikasema ni kusoma sana. Nilikonda. Utakumbuka Baba alitaka kunishonea suruali ya kuvaa siku ya kutetea tasnifu yangu, akaniandikia nimpe kipimo cha kiuno. Nikamjibu asijisumbue, atumie kile cha zamani. Mzee alinirudia kwa ukali, akasema kwamba katika miaka arobaini ya kukanyaga cherehani hajashona nguo ya mtu kwa kipimo cha mwaka jana, hata awe mteja wa kila mwezi, kwa kuwa mwili wa mtu haukai. Nilicheka. Nikajipimia kamba, nikaona kiuno kimepungua inchi nne, nikasema kamba imenyooka, nikamtumia namba ya zamani.

Nikaja likizo. Wewe unakumbuka siku ile kuliko mimi, maana wewe ndiye uliyeishi na matokeo yake. Nilitoka na sanduku la vijiti mia mbili na mashine moja ndani ya soksi, bila ruhusa ya Profesa wala ya mtu yeyote, kwa kuwa majaribio kwa watu yalikuwa hayajafunguliwa. Nilivitupa vijiti vya dukani mbele yako. Nilimtoboa Baba kidole, ikasoma sita na nusu, na sebule nzima ikapiga vigelegele. Baba akawaita majirani dirishani. Ukanivuta pembeni ukaniambia kwamba wiki iliyopita mashine ya zahanati ilimpa kumi na mbili. Nikakuambia ndiyo maana zahanati ni zahanati. Wewe ulikuwa umelificha kopo la sukari juu ya kabati. Nililiteremsha mwenyewe, nikaliweka mezani, nikamwambia Baba anywe chai yake kama watu.

Baada ya hapo uliniletea hesabu kila wiki, kwa mwandiko wako uleule wa kulala upande, na pembezoni mwa namba ukawa unaniwekea vineno vidogo. Sita na pointi moja: Baba ameamka mara tano kwenda haja. Saba: anasema miguu inawaka. Sita na nusu: kidole kidogo cha mguu kimebadilika rangi. Nilikujibu kwamba namba zako nazihitaji, maoni yako siyahitaji, na kwamba macho si kipimo. Niliandika hivyo, dada. Macho si kipimo. Na yule muuguzi alipothubutu kusema kwamba kidonda hiki si kidonda cha mtu mwenye sukari ya saba, nilimwandikia barua ya kurasa mbili, yenye marejeo saba ya vitabu, nikakutaka umkabidhi mkononi. Ulimkabidhi. Ukaniambia kwamba aliisoma yote, akaikunja vizuri, akasema basi, msomi amesema.

Mwezi wa tatu baada ya hapo mguu ukakatwa chini ya goti, na cherehani imefunikwa shuka.

Sasa nifike penyewe. Siku tano zilizopita tulikuwa tukijiandaa kwa majaribio ya watu, na Mama Mizani akashauri sote sita wa chumba kile tujitoboe vidole, tujifanye wagonjwa, tuizoeshe mikono yetu. Nilipita mimi kwanza nikapata tano. Waliofuata, mmoja baada ya mwingine, walipata moja na pointi saba, moja na nusu, moja na pointi nane. Mtu mwenye sukari hiyo hasimami, dada. Yuko chini, anatokwa jasho, au amezimia. Mama Mizani aliitazama karatasi, akatutazama, akasema kwamba kwa mujibu wa mashine ya Mtungi sisi sote humu tumeshazirai, aliye hai ni Mtungi peke yake, basi atuombee. Chumba kikacheka hadi mmoja akashika meza.

Mimi sikucheka. Nilibishana. Nilisema hawakunawa, wakanawa. Nikasema damu yao imechanganyika na maji ya kunawia, wakajikausha. Nikasema huenda hawakula. Mmoja wao alikuwa bado anatafuna. Nilibishana saa nzima, nikitaja vitabu, hadi nikawa sina tena mahali pa kukimbilia isipokuwa pale pa kweli. Mama Mizani akaniomba, kwa upole ambao hakuwahi kunionyesha, niiondoe ile namba yangu ya kusahihisha, mashine isome yenyewe kama ilivyozaliwa. Nikaiondoa. Wakapima upya. Tano. Nne na pointi nane. Tano na pointi mbili. Tano. Tano. Kisha nikaweka kidole changu, ikasoma kumi na tano.

Yule aliyenipa jina la Mtungi aliitazama chupa yangu ya maji, kisha akaangalia sakafu. Mama Mizani akanishika mkono juu ya kiwiko, kama mtu anavyomshika mgeni asiyejua njia, akanivusha barabara hadi hospitali. Kipimo chao kilisema kumi na tano na pointi moja.

Mashine haikukosea hata siku moja, dada. Chembe zangu hazikuwa zinazidi ukali. Mimi ndiye niliyekuwa ninaugua, na kila mwezi nilipougua zaidi niliilazimisha mashine iseme kwamba ni mzima. Ule mchoro wangu unaopanda vizuri ni mchoro wa maradhi yangu. Daktari aliyenipokea ni kijana wa rika langu. Aliniuliza nimekuwa na kiu hiyo tangu lini, nikajikuta ninamfungulia daftari na kumwonyesha miezi kumi na minne, asubuhi kwa asubuhi. Alifunua kurasa, akasema hajapata kuona mwanzo wa ugonjwa huu ulioandikwa kwa usahihi namna ile, akaomba nakala.

Na sanduku lililokuja kwenu nililipika katika mwezi ambao damu yangu ilikuwa kumi. Nikaiandika tano. Maana yake ni nyepesi, hata mtoto ataielewa: kila namba Baba aliyoisoma katika mashine ile ilikuwa nusu. Nimezichukua hesabu zako zote, wiki kwa wiki, nikazizidisha kwa mbili, na karatasi yake iko ndani ya bahasha hii kwa ajili ya muuguzi na daktari. Siku ya vigelegele alikuwa na kumi na tatu. Siku aliyosema miguu inawaka alikuwa na kumi na nne. Siku uliyoniandikia kuhusu kidole alikuwa na kumi na tatu tena, na mimi nilikuwa nimelirudisha kopo mezani. Kazi hiyo ya kuzidisha ilinichukua siku nzima, ingawa ni hesabu ya darasa la pili. Pembeni mwa kila namba nimenakili maneno yako kama ulivyoyaandika. Hakuna hata moja lisilolingana.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hili: vidole vyako vilikuwa vikavu, na kabati halina hatia. Katika nyumba ile mlikuwa na vipimo viwili, mashine yangu na macho yako. Nami nilikuamuru uviamini vyote kinyume. Wazee husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi ndiye niliyekataa kusikia, likavunjika la mkuu mwenyewe.

Profesa nimemwambia. Amenitaka nipumzike, nisiandike lolote kwa mtu yeyote hadi washauriane. Nimemkabidhi daftari na maelezo yenye saini yangu, kisha nikaja nyumbani kuandika. Kurasa ishirini na mbili nimeziondoa katika tasnifu, na zilipotoka nikaona kilichobaki hakisimami. Asubuhi na jioni najichoma sindano tumboni. Usinionee huruma, Mama Mizani amenionea ya kutosha, ananiletea chakula changu kwenye lile jokofu. Usiku nawaza kama ningekuwa mjinga kidogo tu, kama ningekuwa mtu wa kuuliza, Baba angekuwa ameketi kwenye cherehani sasa hivi. Nimesoma vingi, na katika vyote hakuna kinachonisaidia.

Barua hii isome mbele ya Baba Mkubwa na Shangazi, yote, usiruke mahali kwa kunihurumia. Kisha wakitoka, kaa karibu na Baba, umsomee haya yafuatayo peke yake.

Baba, shikamoo. Ni mimi. Mashine iliyo mfukoni mwako inasema nusu. Ikikuambia sita, una kumi na mbili. Niliiweka sawa kwa damu yangu nikidhani ni mzima, kumbe nina ugonjwa wako. Muuguzi alikuwa na haki, na dada alikuwa na haki, na wewe uliniamini mimi. Mguu wako umekatwa kwa ajili ya maneno yangu. Uliobaki bado uko, na kila asubuhi unayomwonyesha muuguzi mlango unauhatarisha kwa ajili ya heshima yangu, ambayo haipo tena. Nyoosha mkono uchomwe. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie, una haki zote. Lakini iwe baada ya sindano.

Dada, akikataa kuamini hata hayo, mwambie muuguzi achukue tone moja la damu yake alipime kwa mashine zote mbili, mbele ya macho yake, aone moja mara mbili ya nyingine. Usitumie damu yako wewe kumthibitishia. Hatujui ya kwako ikoje. Nenda nawe ukapime, uwapeleke na wanao, na usiniandikie kwamba nyinyi hamna tatizo kabla hamjaenda. Atakapoitoa mashine mfukoni, atakutazama, na najua utakavyotaka kumliwaza. Nakuomba usimwambie kwamba nitamtengenezea nyingine.

Wasalimie watoto kwa majina yao, mmoja mmoja. Mshukuru muuguzi kwa niaba yangu, na umwombe ile barua yangu ya kurasa mbili aichane kama bado anayo. Sitakuja huko hadi Baba mwenyewe aseme nije. Na asiposema, nitaelewa. Wewe usichoke kuniandikia, hata kama ni kunilaumu, na pembezoni mwa barua zako niwekee maneno yale madogo.

Ni mimi, mdogo wako,
uliyemfundisha kusoma.